Jinsi ya kupata ripoti za hali ya hewa za viwanja mtandaoni, kwa sisi tunaorusha ndege ndogo kutoka Wilson

Wenzangu, hasa nyinyi mmepata leseni juzi na instrakta hakai tena kiti cha kulia kukuambia "leo twende, leo tusiende", hii nimeiandika kwa ajili yenu. Naona watu wengi pale uwanja wa Wilson, Nairobi, asubuhi wanafungua ile apu ya hali ya hewa iliyokuja na simu, inawaonyesha kijua na kawingu kadogo, nyuzi 22, bas wanaenda kutoa ndege. Ile apu ni ya mtu anayetaka kujua kama ataanika nguo. Rubani anahitaji ripoti ya uwanja, iliyoandikwa na mtu ama mashine iliyo pale uwanjani, na hizo ripoti ziko mtandaoni bure kabisa, hulipi hata shilingi zaidi ya bando.

Kuna vitu viwili nitavirudia mpaka mchoke, saa na urefu. Ripoti ni ya saa ngapi, na mawingu yamepimwa kuanzia wapi. Ukishika hivyo viwili vizuri, hayo mengine yote ni kukariri vifupisho tu.

Hatua ya 1: jua kodi za viwanja vyako, yaani code zake

Tovuti za marubani hazitumii jina la mji, na hazitumii zile herufi tatu za kwenye tiketi. Ukiandika NBO ama MBA unaweza usipate kitu. Tunatumia herufi nne za ICAO, shirika la usafiri wa anga la dunia, na za kwetu zinaanza na HK. Wilson ni HKNW, JKIA, ule uwanja mkubwa wa Nairobi, ni HKJK, Mombasa HKMO, Kisumu HKKI, Eldoret HKEL, Malindi HKML, Manda kule Lamu HKLU, Wajir HKWJ, Lodwar HKLO, Garissa HKGA. Ukivuka mpaka kuenda Tanzania zinaanza na HT, Kilimanjaro ni HTKJ na Arusha HTAR, Uganda ni HU, Entebbe HUEN. Ziandike kwenye notsi za simu kwa mpangilio wa njia unazopenda kuruka, mimi niko na mstari wa magharibi, mstari wa pwani na mstari wa kaskazini, kila mstari na kodi zake, nikitaka nakopi napesti.

Hatua ya 2: fungua ripoti yenyewe

Njia ninayoitumia kila siku ni aviationweather.gov, ya Marekani, ya wale wa Aviation Weather Center walio Kansas City. Usishangae kwamba tunaangalia hali ya hewa ya Langata Road kwenye tovuti ya Marekani, ripoti zinaandikwa hapa hapa na watu wa Kenya, zinaingia kwenye mtandao wa dunia nzima wa mashirika ya hali ya hewa, na hawa wanaziweka wazi kwa kila mtu. Ingia sehemu ya METAR, yaani ripoti ya uwanja ya saa hiyo, kwenye kisanduku andika kodi zako, unaweza kuweka kadhaa pamoja, HKNW HKJK HKKI HKEL, chagua uonyeshwe na TAF pia, yaani utabiri wa uwanja, halafu chagua masaa ya nyuma. Hapo kwenye masaa ya nyuma watu wengi hupapita, usipapite. Usiombe ripoti moja ya mwisho peke yake, omba za masaa 6, juu ripoti moja ni picha tu lakini sita zikifuatana unaona kama mawingu yanapanda ama yanashuka. Tovuti hiyo walibadilisha muundo wote mwaka 2023, kwa hivyo kama uko na linki ya zamani uliyopewa na mtu na haifungui, shida si simu yako, anzia mwanzo tu.

Kama network ni mbaya, tuseme uko kambini kule Mara ama uko Lodwar na simu inashika vijiti viwili, kuna njia nyingine ambayo wengi hawaijui na kwangu ndiyo imeniokoa mara nyingi. Ni faili ya maandishi matupu, haina picha haina rangi, inafunguka hata kwa network ya kulialia:

tgftp.nws.noaa.gov/data/observations/metar/stations/HKJK.TXT

Badilisha HKJK uweke kodi unayotaka, kwa herufi kubwa. Utabiri nao, yaani TAF, uko hapa:

tgftp.nws.noaa.gov/data/forecasts/taf/stations/HKJK.TXT

Zisevu zote kwenye simu kama bukumaki. Lakini nisikilize vizuri hapa. Ile faili haifutwi ripoti mpya isipokuja. Kama uwanja umenyamaza tangu jana, faili itakuonyesha ya jana, imetulia vile vile, haitakuonya kwa rangi nyekundu wala nini. Mstari wa kwanza juu kabisa unaonyesha tarehe na saa, huo ndio wa kusoma kabla hujasoma kingine chochote.

Nasema hivyo kwa sababu yalinipata. Ilikuwa Julai, nampeleka shemeji yangu Eldoret kwa shughuli ya familia, nikafungua faili ya HKEL haraka haraka nikiwa bado naweka mafuta, nikaona 9999 na SCT025, namba za siku nzuri, nikafurahi, nikafunga simu. Tumevuka Bonde la Ufa vizuri, jua linawaka, shemeji anapiga picha Longonot, halafu tukikaribia upande wa pili naona mbele ukuta mweupe, mawingu yamelala juu ya miinuko kama blanketi, hakuna mahali pa kupita juu wala chini. Nikageuza. Mafuta yalikuwa mengi ya kurudi kwa sababu huwa sichezi na mafuta, tukatua Wilson salama, shemeji akaenda na gari ya jioni akafika shughuli imeisha. Jioni nikafungua ile faili tena, ndio nikaona ripoti niliyosoma asubuhi ilikuwa ya jana yake mchana. Mstari wa kwanza ulikuwa umeandikwa wazi, mimi ndio sikuusoma.

Hatua ya 3: saa, na hapa Kiswahili kinatusaidia

Ripoti zote duniani zinaandikwa kwa saa ya Greenwich, ile yenye herufi Z mwishoni. Sisi tuko mbele masaa 3. Kwa hivyo 0600Z ni saa 9 ya kwenye simu. Hiyo kila mtu anaijua. Lakini angalia kitu kimoja kizuri, saa ya Kiswahili iko nyuma ya Z kwa masaa 3 kamili. 0600Z, toa tatu, ni saa tatu asubuhi. 0900Z, toa tatu, saa sita mchana. 1200Z ni saa tisa alasiri, 1500Z ni saa kumi na mbili jioni. Kwa hivyo mtu aliyezoea kusema saa za nyumbani hana haja ya kupitia saa ya simu, anatoa tatu tu amemaliza, ikiwa ni tatu ama chini ya tatu anaongeza kumi na mbili kwanza, na jibu likizidi kumi na mbili anatoa kumi na mbili tena, mfano 1800Z, toa tatu ni kumi na tano, toa kumi na mbili, saa tatu usiku. Mimi hivi ndivyo nafanya kichwani na tangu nianze sijakosea.

Tarehe nayo iangalie. Tarakimu mbili za kwanza kwenye kile kifungu cha saa ni tarehe ya mwezi, na ni tarehe ya Greenwich. Kuanzia saa sita usiku mpaka saa tisa usiku hapa kwetu, kule bado ni jana. Kwa hivyo TAF iliyoandikwa 142230Z ukiisoma alfajiri ya tarehe 15 usiitupe ukidhani ni ya zamani, hiyo imetolewa saa saba na nusu usiku wa kuamkia leo.

METAR za kawaida zinatoka kila saa ama kila nusu saa kulingana na uwanja, na kitu kikibadilika ghafla katikati wanatoa nyingine inaitwa SPECI. Ukiona SPECI soma hiyo kwanza. Ripoti ikiwa imezidi saa moja na nusu mimi naichukulia kama hadithi, nzuri kusikia lakini sipangi safari nayo.

Hatua ya 4: isome mbichi

Tovuti nyingi zina kitufe cha kukutafsiria. Kitumie wiki mbili za kwanza halafu kiache, maana tafsiri inakuficha vitu vidogo, na ukiwa kwenye network mbaya utapata mbichi peke yake. Hii hapa nimeitunga, lakini ni kama zile unazozipata Wilson asubuhi ya Julai:

METAR HKNW 150500Z 09005KT 7000 BKN012 13/10 Q1023 NOSIG

Tarehe 15, 0500Z, yaani saa mbili asubuhi. Upepo unatoka 090, mashariki, noti 5. Upepo wa METAR unahesabiwa kwa kaskazini ya kweli na namba za ranwei ni za dira, lakini hapa Kenya tofauti ya hizo mbili ni ndogo sana usijisumbue nayo, utatumia ranwei 07 na upepo uko karibu usoni. Kuona mbali ni mita 7,000, ingekuwa 9999 ni kilomita 10 kuendelea. Joto 13, kiwango cha umande 10. Presha 1023, hiyo unaiweka kwenye altimita. NOSIG maana yake hawatarajii badiliko kubwa ndani ya masaa mawili yajayo.

Nimeruka BKN012 makusudi. Gawa anga mafungu nane. FEW ni fungu moja ama mawili yamefunikwa, SCT ni matatu au manne, BKN ni matano hadi saba, OVC ni yote nane, hakuna bluu. Kuanzia BKN ndio tunaita dari. Ile 012 ni mamia ya futi, kwa hivyo dari iko futi 1,200. Lakini 1,200 kutoka wapi? Kutoka uwanjani! Si kutoka usawa wa bahari. Na altimita yako ukiwa umeweka ile presha ya Q, tunaiita QNH, inasoma kutoka usawa wa bahari. Wilson yenyewe iko karibu futi 5,550, ongeza 1,200, tumbo la mawingu liko futi 6,750 kwenye altimita yako.

Sasa geuza kichwa uangalie magharibi. Vilele vya Ngong vinazidi kidogo futi 8,000. Limuru kule juu ni zaidi ya futi 7,000. Kwa hivyo siku hiyo Ngong imezama ndani ya mawingu zaidi ya futi 1,200 kutoka kileleni, na barabara yako ya kuenda Naivasha imefungwa kwa VFR, yaani kuruka kwa kuona kwa macho, hata kama ukisimama kwa aproni Wilson unaona ndege zinatua vizuri na jengo la Upper Hill linaonekana. Hata SCT025, ambayo mtu wa Mombasa akiiona atasema ni siku safi, hapa kwetu ni 5,550 na 2,500, ni futi 8,050, ni kilele chenyewe cha Ngong. Hii hesabu ifanye kwa kalamu kila safari ya magharibi. Mimi nimeandika kwenye kadi iliyobandikwa ndani ya begi langu, 5,550 juu, halafu mistari ya vilima, Ngong, Limuru, na ya Kijabe, naongeza namba ya mawingu nalinganisha.

Na ujue kwa nini mawingu yanapenda kule. Upepo wetu mwingi unatoka mashariki, ukifika kwenye ule mwinuko wa kuelekea ukingo wa Bonde la Ufa unalazimika kupanda, hewa ikipanda inapoa, ikipoa unyevu unageuka wingu. Kwa hivyo JKIA inaweza kuwa na dari nzuri kuliko Wilson, na Wilson nzuri kuliko Ngong, na Ngong nzuri kuliko Limuru, na ukishavuka ukingo ukashuka bondeni jua linawaka. Ripoti ni ya uwanja, haikuambii habari ya ukingo.

Kuna hesabu nyingine ya haraka. Chukua joto toa umande, zidisha kwa 400, unapata takriban futi za tumbo la mawingu. Hapo 13 toa 10 ni 3, mara 400 ni 1,200, inalingana na ripoti. Hii ni makadirio, lakini namba hizo mbili zikikaribiana mpaka zinalingana, tarajia ukungu.

Mchana shida inageuka ni joto. Tuseme Februari, 26/14 Q1019, anga safi. Kwa kimo cha Wilson joto la kawaida la vitabu ni kama nyuzi 4. Umezidi kwa nyuzi 22, kila nyuzi ni kama futi 120, ukijumlisha na kimo cha presha ndege yako inajisikia iko karibu futi 8,000 kabla hata magurudumu hayajaacha lami. Cessna 172 yenye watu wanne na mafuta tele, mchana kama huo, fungua kitabu cha ndege usome jedwali, usikisie. Namba zote unazohitaji ziko ndani ya ile METAR.

Vifupisho vingine utakavyokutana navyo huku kwetu: BR ni ukungu mwepesi, FG ni ukungu mzito, HZ vumbi na moshi hewani, DZ manyunyu, RA mvua, TS radi, GR ni mvua ya mawe, hiyo watu wa Kericho wanaijua. Alama ya kutoa mbele yake ni kidogo, ya kujumlisha ni nzito. VC mbele ni jirani na uwanja, kwa hivyo VCTS ni radi iko hapo karibu. Herufi CB, yaani wingu la radi, ama TCU, wingu linalorefuka kwenda juu, zikishikana na mawingu, FEW020CB, usiangalie hiyo FEW ukafarijika, wingu moja la CB linatosha kukuvunjia ndege. VV ikifuatwa na namba maana yake anga haionekani kabisa. CAVOK ni neno la raha, kuona kilomita 10 kuendelea na hakuna wingu la maana chini ya futi 5,000 kutoka uwanjani, hakuna CB, hakuna mvua.

Hatua ya 5: TAF, utabiri wa uwanja

TAF inakuja kwa viwanja vichache kuliko METAR. Kama HKNW hujaipatia, chukua ya HKJK ukikumbuka Wilson iko juu kidogo na karibu zaidi na vilima. Mfano wa kutunga tena:

TAF HKJK 142230Z 1500/1606 05006KT 9999 BKN014 TEMPO 1502/1506 4000 -DZ BKN008 BECMG 1507/1509 SCT022

1500/1606 ni kutoka tarehe 15 saa 00Z mpaka tarehe 16 saa 06Z, masaa 30. TEMPO ni vipindi vya muda mfupi, hapa kati ya saa kumi na moja alfajiri na saa tatu asubuhi kutakuwa na manyunyu yanakuja yanaenda na dari futi 800. BECMG ni mabadiliko ya kudumu, kati ya saa nne na saa sita mchana dari inavunjika iwe SCT022. Kwa hivyo mtu wa VFR anayetaka Naivasha anajua hana haja ya kuamka saa kumi usiku, alale, apange saa sita. Ukiona PROB30 hiyo ni uwezekano wa asilimia 30, kwa radi mimi asilimia 30 ni nyingi sana.

Mimi kwa TEMPO huwa napanga kana kwamba ile mbaya ndiyo itakuwa pale wakati nafika. Nikikuta nzuri ni faida.

Hatua ya 6: viwanja visivyo na ripoti

Hapa ndipo kazi iko, maana wengi wetu hatuendi JKIA, tunaenda Mara, Amboseli, Samburu, kwenye viwanja vya mchanga na nyasi ambavyo havina METAR. Unafanya aje? Unavizungushia. Chukua viwanja vyenye ripoti pande zote za njia yako, na usome masaa 6 ya kila kimoja. Kwa Mara nasoma Wilson, Kisumu na Eldoret, na nakumbuka Ziwa Victoria hutengeneza radi zake usiku mpaka alfajiri juu ya maji, halafu mchana zinahamia nchi kavu kuelekea Kericho na Nandi. Kwa hivyo Kisumu ikiripoti TS alfajiri si lazima Mara iwe mbaya asubuhi, lakini alasiri nitakuwa nimeshaondoka.

Halafu piga simu. Kambi nyingi zina mtu anayepokea ndege pale kiwanjani. Lakini usimuulize "hali ya hewa iko aje?", atakuambia ni poa, si kwamba anadanganya, kwake ni poa maana hanyeshewi. Muulize kitu anachokiona kwa macho. Mimi namwamkia kwanza, "Habari ya asubuhi kaka, hebu simama nje uangalie Oloololo, unaona ukingo wa juu wote ama umefunikwa?" Akisema "umefunikwa nusu, upande wa kaskazini sioni", amenipa dari nzuri kuliko apu yoyote. Namuuliza pia kama kiwanja kimeloa na magari yanakwama. Hiyo haiko mtandaoni popote.

Picha za setilaiti zinasaidia pia, fungua view.eumetsat.int, setilaiti za Meteosat zinapiga Afrika kila dakika 10 hadi 15. Tahadhari moja kubwa kwa watu wa Nairobi: picha za infraredi zinapima joto la juu ya wingu. Yale mawingu yetu mapana ya Julai yako chini, joto lake linakaribiana na la ardhi, kwa hivyo kwenye infraredi Nairobi inaweza kuonekana karibu safi na wewe uko nje umevaa sweta huoni jua. Tumia picha ya mwanga wa kawaida baada ya jua kuchomoza, hapo utaona ule weupe umekaa mashariki ya Bonde la Ufa na bonde lenyewe liko wazi, mpaka wake unaonekana kama umekatwa na kisu. Infraredi ni ya CB, zile zenye vichwa virefu vya baridi, za Aprili na Novemba.

Windy nayo, ile ya ramani za rangi, watu wanaipenda, na ni nzuri kwa upepo wa juu na kwa kuona siku tatu mbele. Lakini kumbuka zile rangi ni kompyuta inakisia, modeli ya ECMWF, kituo cha utabiri cha Ulaya, ina miraba ya kilomita 9, na mgongo wa Ngong ni mwembamba, ndani ya mraba kama huo unasawazishwa unakuwa kilima kidogo tu. Tumia Windy kuchagua siku, tumia METAR kuchagua saa.

Hatua ya 7: maonyo, na ofisi

Ukiwa bado kwenye ile tovuti ya Marekani angalia SIGMET za eneo letu la anga, zinaanza na HKNA. Hizo ni maonyo ya radi zilizojificha ndani ya mawingu, mtikisiko mkali, majivu ya volkeno. Ikiwa inagusa njia yako, kaa chini, usiruke. NOTAM, yaani matangazo kwa marubani kuhusu viwanja na anga, ni za KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya, hizo si hali ya hewa lakini zisome papo hapo.

Na haya yote ya mtandaoni ni ya kukuandaa. Ripoti rasmi hapa nchini ni za Idara ya Hali ya Hewa, wale wa Dagoretti Corner, tovuti yao ni meteo.go.ke, na viwanja vikubwa vina watu wao pale pale. Pita ofisini uongee na mtabiri, mwambie njia yako na kimo chako na saa yako. Ukienda ukiwa umeshasoma METAR za masaa 6 mazungumzo yanakuwa mengine kabisa, hutauliza "leo ni sawa?", utauliza "hii dari ya Wilson imekaa 012 tangu alfajiri, unaona itavunjika saa ngapi?" na yeye anafurahi kukueleza maana anaona uko serious.

Wa pwani, neno moja tu. Ukielekea Mombasa ama Malindi soma upepo kwa misimu ambayo wavuvi wanaijua tangu zamani, kusi inatoka kusini kuanzia kama Aprili, kaskazi inatoka kaskazini mashariki kuanzia Desemba. Ukiona HKMO inaripoti upepo wa kusini katikati ya Januari, angalia mara mbili hiyo ripoti ni ya lini.

Hatua ya 8: kabla ya kuwasha injini, na ukisharudi

Ukiwa tayari umekagua ndege, fungua tena ile faili ya maandishi, ya uwanja unaotoka, unaoenda, na ule wa kukimbilia. Piga skrinshoti zote tatu, maana angani huna bando la uhakika, na ukifika kambini unaweza usipate network ya kuangalia ya kurudi. Kama unarudi jioni, soma TAF mpaka saa moja baada ya muda unaotarajia kutua.

Ukirudi weka daftari. Upande mmoja andika METAR uliyosoma, upande wa pili andika ulichokiona kwa macho. METAR za siku zilizopita zinapatikana ogimet.com, unaweka kodi na tarehe, kwa hivyo hata ukisahau jana unaweza kuzitafuta leo. Baada ya msimu mmoja wa baridi utakuwa unaijua Ngong yako. Langu la asubuhi ya leo liko hivi: HKNW saa mbili BKN012, Ngong haionekani kabisa. Saa tatu BKN014. Saa nne BKN018, nimeona miguu ya kilima. Saa nne na nusu pakafunguka upande wa Kona Baridi kwanza, halafu mitambo ya upepo ikaanza kutokea mmoja mmoja, na saa tano na robo nikawasha.